Mwenye Mkungu Ndiye Mwenye Zamu

Kabla Chapchap hajamtia mkono, Kasuku alikuwa na adabu za karani aliyenyimwa likizo. Ukitaka akuambie fundi gani yuko zamu, ilibidi umwandikie kwenye simu alama ya mkwaju, neno zamu, kistari, tarehe kwa tarakimu nane, kistari, namba ya kanda, kistari tena, halafu herufi ya daraja la fundi. Ukikosea nafasi moja, anakujibu: "Amri haikutambuliwa." Ukirudia kwa hasira, anakujibu hivyohivyo bila hasira, na hapo ndipo mtu anapotamani kuipigiza simu ukutani. Kuna fundi aliwahi kumwandikia, "Kasuku mwanangu, nakuomba kwa heshima zote za dunia." Akajibiwa, "Amri haikutambuliwa." Wenzake walimcheka wiki nzima, na ya pili wakaianzia hapohapo.

Kasuku hakuwa ndege. Alikuwa programu ya kujibu maswali, na kampuni iliyomfuga ilikuwa kampuni ya kutunza lifti: majengo mia moja na ushee, kanda nne, mafundi kumi na tisa. Kila siku kila kanda ilikuwa na fundi mmoja wa zamu ya dharura. Lifti ikikwama na mtu ndani, huyo ndiye wa kuitwa, awe anakula au anaoga.

Na Chapchap alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, mwajiriwa wa majaribio katika chumba cha kompyuta, ambacho zamani kilikuwa stoo ya kamba za chuma na bado kilinuka grisi. Jina alipewa kwa sababu ya mwendo wake. Alikula haraka, alisema haraka, na hata siku akichelewa, alichelewa harakaharaka.

Kazi ya kumfundisha Kasuku lugha ya watu aliletewa na meneja wa shughuli, ambaye mafundi walimwita Bwana Kwa Mujibu, kwa kisogo lakini.

"Kwa mujibu wa malalamiko ya wateja," alisema meneja, "programu haisikii. Nataka hata mlinzi wa jengo aweze kuiuliza, aandike kama anavyosema, ajibiwe. Mwezi mmoja."

"Wiki tatu," alisema Chapchap.

Akaenda na daftari lake kwenye chumba cha mafundi. Palikuwa na benchi mbili, kabati za bati, na ukutani ratiba ya zamu iliyopigwa chapa vizuri na kutiwa mihuri miwili.

"Wazee wangu," alisema, "mkitaka kujua nani yuko zamu leo, mnaulizaje? Maneno yenyewe, kama yalivyo mdomoni."

"Mimi nasema, 'Mungu wangu, nisiwe mimi,'" alisema Mbavu, fundi kijana mwembamba hata ukimtazama kwa ubavu unamkosa.

"Hiyo ni dua, Mbavu. Nataka swali."

"Sisi hatuulizi," alisema Mjomba kutoka pembeni, akifunga kamba za buti. "Tunaangalia nani anatembea kaegemea upande mmoja."

Wote wakacheka, maana ndivyo ilivyokuwa. Kila kanda ilikuwa na furushi moja la funguo za dharura: ufunguo wa pembetatu wa kufungulia milango ya lifti kwa nje, na funguo za vyumba vya mashine vya majengo yote ya kanda. Uzito wake si wa mchezo. Mafundi waliuita mkungu, na aliyeuning'iniza kiunoni alitembea kama kapigwa teke la nyonga. Bila mkungu huwezi kumtoa mtu kwenye lifti, hata uwe bingwa namna gani. Kwa hiyo sheria yao ilikuwa moja: mwenye mkungu ndiye mwenye zamu. Ratiba ya ukutani ilikuwa pambo. Fundi akipata udhuru anamwambia mwenzake, "Nishikie Alhamisi," mwenzake anasema, "Lete," mkungu unahama kiuno, basi. Fomu ya kubadilishana zamu ilikuwepo, ya sahihi tatu, ijazwe siku saba kabla. Mjomba aliijaza mara moja. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, yakianza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa na kumalizia kwa kukataa.

Huyo Mjomba alikuwa mjomba wa Chapchap hasa, mdogo wake marehemu mama yake. Alimchukua akiwa na miaka tisa na kifuko cha nguo, akamsomesha, na mwisho akamsemea hapa kazini. Chapchap alipoingia akimwita "Mjomba" mbele ya watu, jina likaambukiza ofisi nzima. Fundi mkuu, aliyemzidi umri, naye alimwita Mjomba.

"Sasa, mpwa wangu," alisema Mjomba, "huyo ndege wako atajuaje mkungu uko kwa nani?"

"Mtamwambia."

"Kwa mistari na vistari?"

"Kwa mdomo wenu huohuo. Wewe unaandika 'nimeshikiwa na Mbavu'. Kasuku anamuuliza Mbavu. Mbavu anaandika 'nimeshika'. Kwisha. Atakayeuliza baada ya hapo anapewa namba ya Mbavu."

Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika, polepole, kama anayeonja. Yeye ndiye aliyekuwa na haja kuliko wote. Mkewe figo zilikuwa zimegoma, na kila Alhamisi alipelekwa kliniki kusafishwa damu, saa nne nzima kitandani, mumewe kando yake kwenye kiti cha plastiki. Simu zilizimwa na kuachwa kwenye visanduku vya mlangoni. Ndiyo kanuni ya mle ndani. Kila Alhamisi iliyomwangukia Mjomba kwenye ratiba, Mbavu alimshikia. Mbavu naye alikuwa na mtoto mchanga, akashikiwa Jumapili.

Wiki ya tatu Kasuku akawa mtu. Ukimwandikia "nani zamu sasa kanda ya pili" anakujibu. Ukiandika "nani yuko zamu kesho" anakujibu. Ukiandika kwa makosa, ukaruka herufi, ukasahau nafasi, anakuelewa. Chapchap akamtia na utani, maana alishindwa kujizuia: Kasuku akikupa namba ya fundi alimalizia, "Mpigie tu, hana neno!" Na ukimwambia fundi hapokei, alisema, "Mpigie tena, mvumilivu hula mbivu." Na ile ya kushikiwa ilifanya kazi vizuri kuliko zote. Waliijaribu mafundi wanne kwa siku tatu, na Mbavu akaapa kuwa huyu Kasuku sasa anafaa kuozwa.

Bwana Kwa Mujibu alikuja kukagua siku ya Ijumaa. Akapitia orodha ya amri kwa kidole, akasimama.

"Nimeshikiwa. Hii ni nini?"

"Ni ya kubadilishana zamu, bosi."

"Kwa mujibu wa kanuni, zamu hubadilishwa kwa fomu. Kushikiana hakupo. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kuwa na amri yake."

"Lakini kipo, bosi. Wanashikiana kila wiki."

"Najua." Meneja akavua miwani, akashusha sauti kama mtu anayemwambia mtoto habari za wakubwa. "Najua kipo. Lakini kikiandikwa kitakuwa kipo kwelikweli, na mimi nitaulizwa kwa nini. Futa. Jumatatu tunazindua. Jina lako nimeshampelekea mkurugenzi, uthibitishwe kazini."

Ilikuwa mistari arobaini na moja. Kuiandika ilimchukua siku nne. Kuifuta ilimchukua muda wa kupiga chafya. Jioni mafundi walipomuuliza mbona 'nimeshikiwa' haiitiki, aliwaambia, "Bado kidogo. Toleo lijalo."

"Haina shida," alisema Mjomba. "Mkungu haungoji toleo."

Chapchap akaona salama aliache hapo. Hakumwambia kwamba meneja alijua, wala kwamba amri imefutwa na si kwamba imechelewa. Alikusudia kumwambia Jumapili wakila. Jumapili wakala, wakacheka, wakaongea mengine.

Jumatatu Kasuku akazinduliwa. Walinzi na wapokezi wa majengo yote walipewa namba yake. Mama Simu, aliyekaa mapokezi miaka kumi na minane na kujua bila daftari mkungu wa kila kanda uko kiunoni kwa nani, alihamishiwa chumba cha mafaili. Simu yake ikawekwa sauti iliyorekodiwa: "Kwa maswali ya zamu, tafadhali muulize Kasuku."

"Hongera, mwanangu," alimwambia Chapchap, akibeba kikombe chake na sweta. "Sasa akiulizwa asilolijua, atasema hajui?"

"Hatakosa la kujibu, Mama Simu," alisema Chapchap kwa fahari.

"Ndilo ninaloliogopa."

Alhamisi ya wiki ya pili, saa saba na dakika kumi mchana, lifti ya jengo moja la ofisi, kanda ya pili, ilisimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ndani alikuwemo mtu mmoja, mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya mwisho, mwenye pumu, na dawa yake ya kuvuta alikuwa ameisahau nyumbani. Mlinzi wa jengo alifanya kama alivyoelekezwa. Akaandika: "nani zamu sasa kanda ya pili."

Kasuku akasoma ratiba, ile ya mihuri miwili, akampa namba ya Mjomba. "Mpigie tu, hana neno!"

Mjomba alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mkewe, simu ikiwa kwenye kisanduku cha mlangoni. Mbavu, mkungu kiunoni, alikuwa mtaa wa pili kutoka jengo hilo, amekaa kwenye kivuli cha duka la rangi, simu mkononi, salio limejaa, akingoja kuitwa. Angekwenda kwa miguu angefika kwa dakika sita.

Mlinzi alipiga mara kumi na saba. Akamwandikia Kasuku: "hapokei." Akajibiwa: "Mpigie tena, mvumilivu hula mbivu." Akaandika: "mtu anakosa pumzi." Kasuku, ambaye alifundishwa asikose la kujibu, akampa namba ileile. Mlinzi akapiga simu ya ofisini, sauti nyororo ikamwambia amuulize Kasuku. Mwisho akawaita zimamoto, nao wakafika wakavunja mlango. Saa kumi na robo mwalimu alitolewa amebebwa, midomo ya buluu. Hakufa. Alilazwa siku kumi na moja, na mwanawe alikuwa mwanasheria.

Kampuni ikahitaji mtu wa kutoa kafara. Iliichukua siku tatu kumpata, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, chenye meza ndefu na zulia lililokula maji ya kiyoyozi. Wanakamati watatu: Bwana Kwa Mujibu, fundi mkuu, na afisa utumishi, mama mtulivu mwenye kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kufikiria. Mbavu aliwekwa nje kwenye benchi, aitwe kama ikibidi. Chapchap aliitwa kuendesha kompyuta.

"Uliza," alisema meneja. "Nani alikuwa zamu, kanda ya pili, Alhamisi, saa saba mchana."

Chapchap akaandika. Kasuku akaonyesha ukutani majina matatu ya Mjomba, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na chini yake, kwa herufi za kuchekesha, "Mpigie tu, hana neno!" Hakuna aliyecheka.

"Fundi," alisema afisa utumishi, "saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Kliniki, na mke wangu."

"Ukiwa zamu?"

"Nilishikiwa."

"Na nani?"

Mjomba akautazama mlango uliofungwa, ambao nyuma yake kulikuwa na benchi. Mbavu alikuwa na miezi mitano kazini, na mtoto wa miezi miwili nyumbani. "Nilishikiwa," alisema. "Inatosha hivyo."

"Kwa mujibu wa kumbukumbu," alisema meneja, "hapa hakuna anayeshikiwa."

Fundi mkuu akakohoa, akakuta kuna kitu cha kutazama kwenye zulia.

Afisa utumishi akamgeukia Chapchap. Alikuwa mtu wa haki, na swali lake lilikuwa la haki. "Binti, wewe ndiye uliyekitengeneza kitu hiki. Niambie. Habari ya kushikiana, kuna mtu katika uongozi aliyewahi kuisikia? Maana kama uongozi ulijua ukanyamaza, basi mzigo huu si wa fundi peke yake, na mimi siwezi kumfukuza."

Chapchap akamtazama meneja. Meneja alikuwa anafuta miwani, kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa bado haijasainiwa. Chapchap alijua, maana aliiulizia asubuhi. Akamtazama Mjomba. Mjomba naye alikuwa anamtazama. Kichwa chake kikaenda kushoto kidogo, kikarudi kulia.

"Hapana," alisema Chapchap.

"Hakuna aliyejua?"

"Hapana."

Lilimtoka upesi, kama kila kitu chake. Afisa utumishi akaiweka chini kalamu ya kufikiria, akachukua ya kuandikia.

Miaka ishirini na sita ya Mjomba ilifungwa kwa barua ya aya tatu. Aya ya tatu ilisema ana siku saba za kukata rufaa kwa mkurugenzi. Yeye aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni, ule mfupi, na meza ikaacha kucheza.

"Walau barua yao ina kazi," alisema.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, Chapchap alipokwenda kuwaona. Mjomba alikuwa anampimia mkewe maji ya siku. Mgonjwa wa figo hanywi akajinywea. Ana kipimo, na Mjomba alimimina kwenye chupa ndogo, jicho moja limefumbwa, kama anayepima mafuta ya mashine. Mkaza mjomba alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, anawaona.

Chapchap alizungukazunguka maneno, akaosha sahani moja iliyokwisha kuoshwa, halafu akasema, "Mjomba, si ulinitikisia kichwa ninyamaze?"

"Lini?"

"Kwenye kikao. Yule mama aliponiuliza."

Mjomba akafunga kifuniko cha chupa. Alifikiri kweli, hakuwa mtu wa kuvunga. "Shingo ilikuwa inaniuma," alisema. "Tangu asubuhi. Nililala vibaya."

Kutoka chumbani mkaza mjomba akasema, si kwa Chapchap, kwa mumewe: "Kumbe yeye aliulizwa?"

Mjomba akageuka. Akampelekea chupa.

"Nitakwenda kwa mkurugenzi," alisema Chapchap akiwa mlangoni. "Siku saba bado. Nitamweleza yote, la meneja na langu."

"Sawa, mpwa," alisema Mjomba. Ukisikiliza tu, ni neno jema. Ila alilisema kama anavyomjibu mteja anayeahidi kwamba watoto wa jengo hawatabonyeza tena vitufe vyote.

Alikwenda siku ya tano. Siku mbili za kwanza alikuwa anatafuta maneno, na mbili zilizofuata mkurugenzi alikuwa hayupo. Hivyo ndivyo alivyojihesabia baadaye. Mkurugenzi alimpokea kwa kicheko, akamkalisha kwenye kiti laini, akaagiza chai. Chapchap alisema yote bila kupumua: mkungu, kushikiana, mistari arobaini na moja, miwani ya meneja, na ile hapana yake mbele ya kamati, mara mbili.

Mkurugenzi alisikiliza vizuri. Hakutazama saa hata mara moja.

"Hii ya kushikiwa," alisema, "mwanzo ilifanya kazi?"

"Vizuri sana, mzee."

"Ni wazo zuri sana. Iingie Jumatatu. Kanda zote."

"Na meneja aliyeifuta?"

"Nitamkumbusha."

"Na Mjomba?"

"Nani?"

"Fundi. Wa kanda ya pili."

"Aa." Mkurugenzi akakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Hapo mikono yangu imefungwa. Siku ya tukio, njia hiyo ya kushikiana ilikuwemo kwenye mfumo?"

"Nilikuwa nimeifuta."

"Basi haikuwemo. Kuanzia Jumatatu itakuwemo. Hili lingetokea Jumatatu tungekuwa na la kumsaidia."

"Mzee, lakini ilifutwa na..."

"Binti yangu." Bado alikuwa anatabasamu. "Yule wakili anangoja tumwambie nani alikosea. Tumeshamwambia. Nikimwambia leo kwamba ni meneja, kesho atasema ni kampuni. Na wewe, nikikuuliza kwa maandishi kama ulidanganya kamati, itabidi ujibu. Sikuulizi. Sikuulizi kwa sababu nakuhitaji hapa."

Akavuta droo, akatoa barua. Ilikuwa imesainiwa. Chapchap aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa nje kwenye korido, anangoja lifti ishuke, ndipo alipojisikia ameshukuru.

Jumatatu Kasuku alielewa 'nimeshikiwa'. Mbavu alikuwa wa kwanza kuitumia, akamshikia fundi wa kanda ya pili, mgeni aliyeajiriwa wiki hiyo, asiyejua hata kwa nini watu wananyamaza akikaa kwenye benchi la pembeni.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kazi, Chapchap alikwenda kuwapeleka kliniki. Aliwakuta wameshavaa. Fundi wa lifti miaka ishirini na sita, na yeye mwenyewe alikuwa akiishi ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti wala nafasi ya kuiweka. Mkaza mjomba aliteremka kwa kushikwa mkono, akipumzika kila baada ya vidato vinane.

"Rufaa imeshindikana," alisema Chapchap.

"Mbavu kaniambia," alisema Mjomba. "Kasema umewarudishia amri yao. Wanaifurahia."

"Mjomba, ile amri..."

"Ni nzuri. Sikutanii. Ingekuwepo, mimi ningekuwa naitumia mpaka leo." Akafunga mlango, akaujaribu kwa bega kama afanyavyo siku zote. "Ila sasa Alhamisi zote ni zangu. Na Jumatatu pia. Sina wa kumwomba anishikie."

Hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka utani wake kabla ya msikilizaji.

Chapchap akawahi upande wa pili, akanyoosha mkono amshike mkaza mjomba kiwiko. "Njoo, mama. Nishike na mimi."

Mkaza mjomba akautazama ule mkono. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na uchovu tu wa mtu anayekwenda kusafishwa damu. "Ngazi nyembamba hizi, mwanangu," alisema. "Hazipiti watatu. Nenda kazini, utachelewa."

Wakaanza kushuka, Mjomba mbele kwa upande, mkono wake nyuma. Chapchap akabaki juu. Angeweza kuwafuata nyuma, lakini mwendo wao ungemlazimu kusimama kila waliposimama, aitazame migongo yao. Akangoja. Alisikia vishindo vinane vya viatu, kisha kimya, kisha sauti ya Mjomba ikisema, "Pumua. Hatuna haraka." Kisha vinane tena.

Yeye, ambaye hajawahi kungoja kitu maishani, alikaa pale mpaka mlango wa chini ulipofunguliwa na kujifunga.